Ndege ilikaribia kutua, ikapaa tena: je, rubani hakujua kazi?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa Kilwa Masoko. Mwanangu ni fundi kwenye mitambo ya gesi Songo Songo, na kwenda na kurudi Dar hupanda zile ndege ndogo za injini moja. Safari iliyopita ndege ilikuwa imeshashuka, minazi anaiona kabisa, mara ikanguruma na kupanda juu tena. Watu wakaanza kuleta shahada. Ikazunguka, ikatua salama. Tangu siku ile sina usingizi, maana nikikumbuka ya Bukoba na ile ya Komoro, zote zilianguka zikiwa zinakaribia kutua. Kwa nini ndege isafiri salama njia nzima, ije iangukie mlangoni? Rubani yule hakujua kazi? Nimwambie mwanangu awe anapanda basi na boti?

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na shikamoo.

Nianze na huyo rubani, maana ndiye aliyebebeshwa lawama. Kwa jinsi ulivyoeleza, kazi yake anaijua. Kuna kitu hakikumridhisha alipokuwa anashuka. Labda upepo uligeuka ghafla, labda mbuzi alikatiza barabara ya kutulia, labda alijiona amekuja juu mno au kwa kasi kubwa mno. Akasukuma mkono wa injini mbele, akapanda, akazunguka, akajipanga upya. Jambo hilo lina utaratibu wake kwenye kitabu cha kila ndege, mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema kabisa, na rubani mwenye leseni hupimwa nalo tena na tena. Nimerusha Caravan, hizohizo ndege ndogo za injini moja, miaka mingi kwenye viwanja hivi vya kusini, na abiria wengi niliopaa nao tena walishuka wamenuna. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama nimenunua leseni Kariakoo.

Sasa hizo ajali ulizozitaja. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilifika Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaingia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo, na 24 waliokolewa, wavuvi wa mitumbwi wakiwa wa kwanza kuwafikia. Mwaka huohuo, tarehe 26 Februari, Caravan iliyosajiliwa Tanzania, ikirushwa na Watanzania wawili, iliondoka Moroni, mji mkuu wa Komoro, na abiria 12 kwenda kisiwa cha Mwali. Ikapotea baharini ikiwa imekaribia kufika, na hakuna aliyepona. Rudi nyuma zaidi, Kenya, 10 Aprili 2006: ndege ya jeshi la anga iliyobeba wabunge waliokuwa kwenye shughuli ya amani iligonga mlima ikienda kutua Marsabit kwenye ukungu. Watu 14 walikufa.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Kwa upande wa ndege kubwa za jeti, takwimu za Boeing zinaonyesha kwamba kushuka kwa mwisho pamoja na kutua huchukua kama asilimia 4 tu ya muda wa safari, lakini ndani ya muda huo mfupi hutokea karibu nusu ya ajali zote zenye vifo. Ndege ndogo nazo zina tabia hiyohiyo, na mazingira yao ni magumu zaidi.

Sababu yake ni hii. Rubani akiwa juu ana vitu viwili vya kumsaidia mambo yakiharibika, yaani mwinuko na kasi. Kasi ikipungua, huinamisha pua, akapoteza mwinuko kidogo na kasi ikarudi. Kwenye kutua anavimaliza vyote viwili kwa makusudi, kwa sababu lazima afike chini na lazima afike taratibu. Ndege inayoshuka kwa mteremko wa kawaida, ikibakiza nusu kilomita kufika mwanzo wa barabara, inakuwa juu kiasi cha mita 40. Hapo tatizo likitokea, hana pa kuchukua chochote. Mita 40 ni sekunde chache.

Chukua hiyo Caravan anayopanda mwanao. Ikiwa imejaa na imeteremsha vibao vya nyuma ya mabawa, bawa lake huacha kubeba chini ya kilomita 110 hivi kwa saa. Hapo injini inaweza kuwa inaunguruma vizuri tu, lakini hewa haipiti tena juu ya bawa inavyotakiwa, na ndege huanguka kama kitu kizito chochote. Rubani huja kutua kwa kilomita 140 hadi 155 kwa saa, kwa hiyo nafasi ipo, ila si kubwa. Na nafasi hiyo hupungua ndege inapolala upande ili kukata kona. Ikilala nyuzi 45, kile kiwango cha kuanguka hupanda kwa asilimia 19, yaani kutoka 110 hadi karibu 131. Ikilala nyuzi 60, hupanda kwa asilimia 41, na sasa ni 155. Umeona hapo? Kasi ileile iliyokuwa salama ndege ikiwa imenyooka imekuwa kasi ya kuanguka.

Kona inayoua ni ile ya mwisho, ya kuingia kwenye mstari wa barabara. Upepo unasukuma ndege kutoka nyuma, rubani anaipita barabara kidogo, anailaza ndege zaidi ili arudi kwenye mstari. Macho yako nje, yameganda kwenye barabara, na hayapo kwenye saa ya kasi. Wakati huo anakuwa juu mita 100 au 150, na ndege ikiacha kubeba hapo hakuna rubani duniani wa kuirudisha. Dawa yake ni rahisi kuitamka: ukishaipita barabara, usiifukuze. Nyoosha mabawa, ongeza nguvu, panda, zunguka upya. Ndicho alichofanya yule wa mwanao, au kitu cha namna hiyo.

Halafu kuna mvua. Hapa kwetu masika yanaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na wewe umeyaona yale mawingu meusi yanayokuja jioni kutoka bara, yenye mguu wa mvua unaogusa ardhi. Chini ya mguu ule hewa inaporomoka pamoja na maji, ikifika chini inatawanyika pande zote. Ndege inayoingia humo hukutana kwanza na upepo wa mbele. Inanyanyuka, na rubani anaweza kushawishika kupunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye anafika katikati, hewa inamsukuma chini. Kisha anatokea upande wa pili, upepo sasa unatoka nyuma, na kasi aliyokuwa nayo imeyeyuka wakati injini ameshaipunguza. Ndege kubwa zenye injini nne zimeangushwa na kitu hiki, sembuse Caravan ya tani nne.

Lakini mporomoko kama huo wa hewa haudumu. Mara nyingi ndani ya dakika 15 umekwisha. Ndege ya abiria hubeba mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda kiwanja mbadala, na juu yake akiba ya nusu saa. Rubani anayezunguka angani mvua ipite, au anayegeuza na kwenda kutua Mafia au kurudi Dar, anatumia mafuta yaliyowekwa kwa kazi hiyohiyo.

Macho nayo hudanganya. Kioo kikijaa maji ya mvua, rubani hujiona yuko juu kuliko alipo, kwa hiyo hushuka zaidi. Barabara nyembamba hufanya vivyo hivyo. Ukizoea barabara pana ya Dar, ukija kwenye kiwanja chembamba cha changarawe jicho linakwambia uko juu. Kuja kutua ukitokea baharini usiku, nyuma giza, chini giza, taa ziko mbele tu, ndiyo mbaya kuliko zote. Viwanja vikubwa vina taa nne kando ya barabara za kumsaidia rubani. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa, na zikiwa nyekundu zote nne yuko chini mno. Uwanja wa Mtwara ulipanuliwa miaka hii ya karibuni na kuwekewa taa za kutulia usiku. Viwanja vidogo vya kusini vingi havina taa wala mnara wa kuongozea ndege. Rubani hutazama kile kifuko cha upepo kwenye mlingoti, hutazama mawimbi, hutazama moshi wa mashamba, na kuamua. Mtwara kuna nafuu nyingine ambayo watu hawaifikirii: barabara yake kuu imelala kaskazini na kusini, hivyo kaskazi na kusi huja karibu na mstari wake. Kwenye viwanja vingine upepo unakupiga ubavuni nusu mwaka.

Nimekupitisha kwenye sababu hizi, mama, lakini ukiniuliza ni ipi hasa inayoua, nitakwambia kwamba mvua, kona na macho ni mitego tu. Kinachomwingiza rubani mtegoni ni kuendelea na kutua ambako alishaona hakujakaa sawa. Kanuni ya kampuni nyingi ni kwamba ndege ikifika futi 1,000 juu ya kiwanja, au 500 kama kunaonekana vizuri, iwe imekaa kwenye mstari, kasi ni ile inayotakiwa, mteremko ni ule unaotakiwa, na hakuna kilichobaki kupangwa. Kimoja kikikosekana, panda. Hakuna mjadala. Na bado shirika la usalama wa anga la Flight Safety Foundation lilipochunguza suala hili lilikuta kwamba katika kila mara 100 ambazo ndege inashuka bila kukidhi masharti hayo, marubani hupaa tena mara 3 tu hivi. Mara 97 wanaendelea. Nyingi kati ya hizo zinatua salama, na hapo ndipo palipo na hatari, kwa sababu kila moja inamfundisha rubani kwamba masharti yale si ya lazima.

Wewe ni mtu wa Kilwa, umewaona manahodha. Nahodha anayekuja na jahazi akakuta mlango wa mwamba umechafuka, maji yamekupwa na kusi imekaza, hupiga bishi nje mpaka maji yajae. Hakuna anayemcheka. Rubani akifanya jambo lilelile watu hushika vichwa, na akishuka wanamnong'ona.

Kunong'onwa huko kuna uzito wake. Kwenye Caravan hakuna ukuta kati ya rubani na abiria. Kama rubani yuko peke yake, abiria mmoja anaweza kukaa kiti cha kulia kwake kabisa, na wa nyuma yake anaweza kumgusa bega. Anasikia kila kitu. Anasikia kwamba kuna mtu anawahi maziko Nangurukuru, kwamba bosi wa fulani ana kikao, kwamba jana ndege ya kampuni nyingine ilitua kwenye mvua hiihii. Ofisini nako anajua akirudi Dar mafuta yameliwa na tiketi zinadaiwa. Simtetei rubani anayeyumbishwa na haya, maana mshahara wake ni wa kuyakataa. Nasema tu yapo, na abiria wana mkono ndani yake. Mwanao na wenzake, siku ile ilipotua, ilifaa wampe mkono.

Uliuliza kama rubani hakujua kazi, na ajali ikitokea ndivyo watu husema, kana kwamba wana habari za ndani. Kwa kawaida hawana. Uchunguzi wa ajali ya ndege, kwa taratibu za kimataifa ambazo Tanzania inazifuata, hutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30 na kamili inapowezekana ndani ya miezi 12, na shabaha yake ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kufungwa ni kazi ya vyombo vingine. Kwa ndege ndogo kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu vile visanduku vya kurekodi sauti na mwenendo wa ndege, ambavyo watu huviita vyeusi ingawa vimepakwa rangi ya chungwa, havilazimishwi kwa ndege nyingi za ukubwa wa Caravan. Wachunguzi hubaki kusoma mabaki. Panga la injini lililopinda namna fulani linaonyesha injini ilikuwa inavuta lilipogonga, na lililonyooka linaonyesha ilikuwa imezima. Mshale wa saa ya kasi huacha alama kwenye uso wake. Simu za abiria nazo huwa na picha na njia ya ndege. Ni kazi ya miezi, na kijiweni huwa wameshamaliza kesi siku ya pili.

Kuhusu injini moja, naona ndiyo inayokutisha ingawa hukuitaja sana. Ile ni injini ya jeti inayozungusha panga, na kuzima kwake angani ni nadra sana ikitunzwa. Ikizima, ndege haidondoki. Inateleza, na kwa kila kilomita moja ya mwinuko hupata kilomita 10 hivi za kwenda mbele. Njia ya Dar na Songo Songo ina fukwe na viwanja vya kutafutia. Mimi huogopa zaidi uzito. Mwanao akipanda pale Dar anapimwa yeye na begi lake, na kikomo cha begi kwa kawaida ni kilo 15. Vijana hufanya mbinu: zana nzito mifukoni, begi la pili anapewa rafiki, anasogeza mguu nje ya mzani kidogo. Uzito ukizidi na ukakaa nyuma, pua ya ndege inakuwa nyepesi kuliko rubani anavyodhani, na atakuja kuligundua hilo wakati gani? Wakati amepunguza kasi, yuko mita 40. Rubani akiwaambia wahame viti, wahame bila kubishana.

Basi na boti sikushauri, wala siwezi kukwambia ndege ndogo ni salama sawasawa na ndege kubwa za mashirika. Hazilingani. Lakini basi la Dar nalo unalijua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakalala njiani, na hata ikiwa nzima, usiku ule wa malori hauna mtu wa kumpima dereva. Mkondo wa kwenda Songo Songo wakati wa kusi unaujua kuliko mimi. Kama kampuni anayosafiri nayo ina cheti cha kubeba abiria kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na marubani wake wanageuza hali inapokuwa mbaya, mwache apande. Hilo la pili ndilo ningelitazama zaidi. Kampuni ambayo haijawahi kuchelewa wala kurudi njiani masika nzima, hiyo ningeikimbia.

Jambo moja mwambie, kwa sababu anavuka maji. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kushukia baharini Ngazija, huko Komoro, mbele ya hoteli. Kati ya watu 175 walikufa 125, na baadhi yao walikuwa wameshajaza upepo majaketi okozi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi lilimnyanyua mtu na kumbana kwenye dari, akashindwa kuzama kidogo ili apite mlangoni. Jaketi livaliwe ndani, kamba ivutwe nje.

Caravan ina bawa juu na magurudumu yasiyokunjwa, kwa hiyo ikigusa maji inaweza kupinduka kifudifudi. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda gizani hajui tena kushoto ni wapi. Kila anapopanda, kabla injini haijawaka, mwanao ahesabu viti kati yake na mlango wa abiria, ulio nyuma upande wa kulia. Una vipande viwili: cha juu hufunguka kwenda juu, cha chini hushuka na ngazi. Mkono mmoja ashike kiti cha mbele au fremu ya dirisha upande ulio na mlango, asiuachie mpaka maji yatulie, ndipo afungue mkanda kwa mkono wa pili na kujivuta kufuata viti alivyovihesabu. Begi aliache.